Jimmie Rodgers: Sauti Iliyofika Bila Maneno

Sisi wapenzi wa ushairi wa pwani tumezoea kulipima shairi kwa vina na mizani. Mtu asiyejua kutenganisha ukwapi na utao hatumwiti malenga, hata kama sauti yake yaweza kumtoa nyoka pangoni. Huyo tunamwita mwimbaji, tunamsikiliza usiku kucha, na kunapopambazuka tunarudi kwenye diwani zetu. Mimi nimelelewa katika madhehebu hayo na sijayatoka. Lakini yupo mtu mmoja, tena mgeni wa mbali, ambaye kila nimsikilizapo hunitia katika swali ambalo walimu wangu hawakunifundisha kuliuliza: shairi likinyang'anywa maneno yake yote, husalia nini?

Mtu huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1897 na aliyepaita kwao Meridian, mji wa reli katika jimbo la Mississippi. Msomaji asimchanganye na Kenny Rogers, wala na Jim Reeves ambaye sauti yake laini imepigwa mno redioni katika Afrika Mashariki, hasa asubuhi za Jumapili. Reeves alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964. Rodgers alikuwa kaburini kwa miaka 31 wakati huo. Wamarekani walipoanza kuwatia majina wakuu wa muziki wao wa kantri katika jumba la heshima, mwaka 1961, yeye alikuwa miongoni mwa watatu wa mwanzo. Wanamwita baba wa muziki huo. Ubaba wa muziki ni jambo la kubishaniwa daima, ila safari hii naona hawakukosea sana.

Baba yake alikuwa msimamizi wa genge la reli, mama yake alimfia akiwa mtoto mdogo. Yeye mwenyewe aliingia reli angali kijana, kwanza akiwapelekea maji watu wa genge, kisha akawa mfunga breki, yaani mtu wa kupanda na kushuka mabehewani kufunga na kufungua breki kwa mikono. Kazi hiyo haikumpenda. Mwaka 1924 aliambiwa kuwa ana kifua kikuu, na katika zama zile, kabla ya dawa zilizokuja miaka ya 1940, habari hiyo ilikuwa sawa na kupewa tarehe isiyoandikwa. Akashika gitaa. Kusoma noti za muziki hakujua, na hakujua hadi kufa kwake.

Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol mpakani mwa Tennessee na Virginia, alisimama mbele ya mashine ya Ralph Peer, mtu wa kampuni ya santuri ya Victor. Alisimama peke yake, kwa kuwa wenzake wa bendi walikuwa wamegombana naye, kisa jina litakaloandikwa kwenye santuri. Akaimba nyimbo mbili. Tangu siku hiyo hadi Mei 1933 aliimba nyimbo zipatazo 110, na katika miaka hiyo isiyotimia sita ukamilika ustadi wake wote, umaarufu wake wote na ugonjwa wake wote.

Hapa naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Machi 1928, miezi saba tu baada ya Bristol, mwanamke wa Fumba, Siti binti Saad, alikuwa Bombay na wenzake wakiimba mbele ya mashine ya His Master's Voice. Kampuni ile na Victor zilikuwa ndugu, na zote mbili zilibandika kwenye santuri zao picha ileile ya mbwa ainamaye kusikiliza bomba. Mfunga breki mgonjwa wa kifua na binti wa wafinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu, wote hawakusoma, wote wakaingia katika duara moja jeusi lenye mbwa mmoja. Sisi Siti tumemwandikia wasifu kwa kalamu ya Shaaban Robert, na tunazijadili nyimbo zake kama tungo, kwa haki kabisa. Wimbo wa Kijiti ni hukumu juu ya mahakama za wakoloni, na hukumu hiyo imo katika maneno yake. Sasa turudi kwa Rodgers tuone kama maneno yake yanastahimili kipimo hichohicho.

Nasema wazi kwamba mengi hayastahimili. Nyimbo zake za mama mzee mwenye mvi na za nyumba ya utotoni zimejaa machozi ya kununua. Nyingi ya hizo zilitungwa pamoja na shemeji yake, Elsie McWilliams, mwanamke aliyechangia nyimbo zaidi ya thelathini na ambaye jina lake mara nyingi halikutajwa. Simlaumu Elsie, alitunga kwa haraka kwa mtu aliyekuwa akiishiwa pumzi. Lakini ukiziandika nyimbo zile karatasini bila sauti zinalala kama samaki sokoni saa kumi jioni.

Jambo ni tofauti kabisa katika zile alizoziita Blue Yodel. Hizo ni kumi na tatu, na nyingi hazina jina la haki bali namba tu. Ubeti wake una mishororo mitatu: wa kwanza unatoa hoja, wa pili unairudia hoja ileile, na wa tatu unaifunga kwa jambo ambalo msikilizaji hakulitegemea. Msomaji wa tathlitha aone tofauti: katika tathlitha yetu kila mshororo unabeba mzigo wake, ilhali hapa mshororo wa pili haubebi kitu ila muda. Unamsubirisha msikilizaji. Mtunzi anayejibu papo kwa papo ngomani anaijua faida ya kusubirisha huko; ni nafasi ya kuutafuta mshororo wa mwisho huku ulimi ukiwa kazini. Umbo hili halikuwa lake. Ni umbo la bluzi, mali ya Wamarekani weusi, na mengi ya mafumbo aliyoyatia humo yalikuwa yakizunguka midomoni mwa watu weusi wa magenge, walewale ambao inasimuliwa kwamba aliwapelekea maji. Katika santuri moja, ya namba 9, iliyoimbwa mwaka 1930, tarumbeta inayomjibu ni ya Louis Armstrong. Kwenye karatasi ya santuri jina la Armstrong halimo.

Kilicho chake Rodgers ni kile kinachokuja baada ya mshororo wa tatu. Hapo huacha maneno. Sauti huvunjika, hutoka kifuani ikarukia kichwani, ikarudi, ikapanda tena, bila neno hata moja. Wazungu wa milimani huko Ulaya walikuwa wakiitana hivyo toka zamani, na waimbaji wengine wa Marekani walikwisha kuicheza mbinu hiyo majukwaani kwa kuchekesha watu. Yeye aliitia mahali ambapo sisi tungetia kibwagizo. Na hili, kwa maoni yangu, ndilo tendo lake la kishairi: alitunga kibwagizo kisicho na maneno, akakiacha kiseme yale ambayo ubeti umeyashindwa. Kibwagizo chetu hurudi na maneno yaleyale ili maana izidi kukaza. Chake hurudi bila maana yoyote iliyotamkwa, na kila kirudipo kinategemea ubeti uliotangulia: baada ya mzaha kinacheka, baada ya kifo kinalia, na noti zake karibu ni zilezile.

Mfano bora ni wimbo wake wa mwaka 1931 kuhusu kifua kikuu chake mwenyewe. Sisi tuna kipimo kikubwa cha utungo wa mgonjwa, nacho ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeutunga katika ugonjwa karibu mwaka 1858, akamwachia bintiye Mwana Hashima. Mwana Kupona mauti yanamjia, naye anatoa wasia: mwanangu fanya hivi, usifanye vile, na dua juu yake. Rodgers hana wasia. Hana la kumfunza mtu. Analalamika, anajitania, anatamka kwamba vita hii hawezi kuishinda, kisha sauti yake inavunjika na kwenda juu kule kusikokuwa na maneno. Mara ya kwanza nilipousikia wimbo ule nilikasirika. Niliona ni mtu aliyepewa jambo kubwa la kusema akalifanyia utani. Siku hizi nadhani nilikuwa nikimdai deni ambalo hakulikopa. Mwana Kupona alikuwa na wa kumwachia maneno, na alikuwa na yakini ya anakokwenda. Huyu alikuwa akiimbia mashine. Hata hivyo sitasema kwamba tungo hizi mbili zinalingana. Utendi ule ungalipo bila sauti ya aliyeutunga, na wimbo huu bila sauti yake ni beti chache za kunung'unika.

Basi sauti hiyo ilisafiri. Katika miaka ya utawala wa Waingereza santuri zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis, Bonde la Ufa la Kenya, zikapigwa mbele ya watu wasiojua Kiingereza. Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo, alifika Kapkatet akakuta vijana wakiimba kwa ala yao ya nyuzi iitwayo chepkong habari za mtu aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers lililopita katika kinywa cha Kikipsigis. Mashuhuri zaidi ni wimbo wa wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Kwao Chemirocha alikuwa nusu mtu na nusu paa, na wasichana walimwalika aje acheze ngoma nao. Yeye mwenyewe alikuwa amekufa kwa miaka 17. Huko Unguja, Siti aliaga dunia mwaka huohuo wa 1950.

Zipo njia mbili za kulisoma jambo hili. Wengi hulisimulia kama kichekesho cha washamba walioshangaa santuri. Mimi nalisoma kama uhakiki, na pengine uhakiki mzuri kuliko wote aliofanyiwa Rodgers. Wasichana wale walinyimwa maneno yake, wakabaki na kibwagizo. Wakajiuliza ni kiumbe gani aletaye sauti inayoruka hivi, ikitua ardhini kisha ikaruka tena, wakapata jibu: mwenye miguu ya paa. Mhakiki yeyote wa Marekani angejivunia tashbihi hiyo. Mwaka 2015 nakala za sauti zile zilirudishwa Kapkatet, baada ya miaka 65.

Nisingekuwa na la kuongeza kama si jambo lililonipata Handeni.

Nilifundisha shule wilayani Handeni kwa miaka kadhaa, na hadi leo napita huko kila nipatapo nafasi. Anayekwenda Handeni kwa njia ya kaskazini hushukia Korogwe, penye makelele ya mabasi ya Arusha na wauza matunda wa Manundu, kisha hugeuza kusini. Korogwe ni mji uliozaliwa upya na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 ndio uliofika mkonge, nao ni mgeni kutoka Marekani vilevile: miche elfu moja ilitumwa kutoka Florida, ikanusurika 62, na katika hiyo 62 yakatoka mashamba ya Magunga, Ngombezi na mengine yote yaliyoizunguka reli. Watu walioletwa kuukata walitoka Kigoma, Rwanda, Burundi, Msumbiji, wakaitwa manamba kwa kuwa waliandikwa kwa namba, na kipande cha kila mmoja kilihesabiwa siku thelathini za kazi kabla ya kulipwa. Nimetaja juu kwamba nyimbo bora za Rodgers hazina majina ila namba. Manamba nao waliimba, jioni na shambani. Hapakuwa na Ralph Peer aliyefungua mashine yake Ngombezi, na nyimbo zile zilikwenda makaburini na wenyewe.

Handeni reli haikufika. Ndipo alipohamia, baada ya kustaafu, mzee mmoja Mzigua niliyemjua tangu enzi za ualimu wangu, aliyekuwa gadi wa treni katika njia ile ya Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa analima mahindi. Miaka michache iliyopita nilimtembelea nikiwa na simu yenye nyimbo za Rodgers, na kwa kuwa ni mtu wa reli nikampigia ule wa mwaka 1928 uanzao kwa mdomo kuigiza honi ya treni. Kiingereza hajui. Sikumwambia lolote kuhusu mwimbaji.

Aliitambua honi, akacheka. Kisha akanyamaza, akainamisha sikio kwenye simu kama yule mbwa wa santuri, Mungu anisamehe. Wimbo ulipokwisha akasema, "Mwalimu, huyu ana kifua."

Nikamwuliza amejuaje.

"Msikilize anapopandisha. Anakata kabla pumzi haijaisha. Mtu mzima wa kifua anaimaliza pumzi yake. Huyu anaiwekea akiba."

Sitaki kulikuza jambo hili. Yumkini alibahatisha, mzee huyu ameishi na wagonjwa wa kifua katika kambi za reli na za mkonge, na sikio lake limezoea kutafuta. Hata hivyo nilipofika nyumbani niliusikiliza wimbo ule upya, nikaona kwamba kile nilichokuwa nikikiita ustadi, yaani namna sauti inavyoachwa juu ghafla kabla ya kuchosha, kinaweza vilevile kuwa hesabu ya mtu mwenye pumzi chache. Mambo haya mawili hayapingani. Mtunzi wa mizani nane naye amewekewa mpaka, na ustadi wake unatoka katika mpaka huo. Mizani ya Rodgers ilikuwa pafu.

Lakini kikao chetu hakikuishia hapo, na hii ndiyo sababu ya mimi kuandika. Mzee alitaka kujua wimbo unasema nini. Nikamfasiria. Ni habari ya mtu asiye na senti, aliye mbali na kwao, aliyedandia treni usiku. Anamwendea mfunga breki, naye anamwuliza kama ana pesa, hana, basi anamshusha na kufunga mlango wa behewa. Nikamweleza pia kwamba mwimbaji mwenyewe alikuwa mfunga breki.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Mkewe alileta chai, naye hakuishika.

"Na sisi tuliwashusha," akasema.

Kisha akanihadithia habari ya kijana mmoja wa mkonge, aliyemaliza mkataba na kuibiwa pesa zake kabla hajafika stesheni, aliyemkuta nyuma ya magunia katika behewa la mizigo. Kanuni ilikuwa kanuni. Alimshusha katika kituo kidogo kisicho na taa, mvua ikinyesha. Kijana hakubisha, aliomba tu aulizwe jina lake liandikwe mahali, ili ndugu zake wakimtafuta wajue alifika mpaka wapi. Mzee hakuliandika. "Nilimwuliza," akaniambia. "Nimelisahau."

Katika santuri Rodgers haimbi upande wa mfunga breki. Anaimba upande wa aliyeshushwa, kwa nafsi ya kwanza, "mimi", na anamwimba mfunga breki kama adui. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo pengine mara mia nisilione hilo, kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza sauti. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwashusha wenzake alipopata fursa ya kusema mbele ya mashine alivaa nafsi ya yule aliyemshusha. Hiyo si sauti, ni utunzi. Ni chaguo la kiwakilishi kimoja, na limo katika maneno. Wasichana wa Kapkatet hawakuweza kulipata. Mzee wa Handeni alilipata pale tu maneno yalipofika, tena kwa tafsiri yangu mbovu ya kuketi mkekani.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali langu la mwanzo, husalia mengi, kuliko nilivyokuwa tayari kukubali. Alisalia paa, likasalia pafu. Lakini kijana wa mkonge hakusalia. Yeye aliletwa na maneno. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaomsifu Rodgers kwa kusema kwamba maneno yake ni kisingizio cha sauti tu. Hayo ni kweli kwa nyimbo za mama na nyumba ya utotoni. Si kweli kwa wimbo wa treni, wala kwa ule wa mchunga nyumbu, namba 8 ya mwaka 1930, ambao Bill Monroe wa Kentucky aliuchukua jukwaani Nashville mwaka 1939, akauendesha mbio, na wanaouita muziki wa Monroe blugrasi huuhesabu miongoni mwa mwanzo wake. Monroe alibadili kasi na ala, akaivuta sauti juu zaidi. Maneno ya kibarua anayeomba kazi kwa msimamizi hakuyaacha.

Rodgers alikufa New York tarehe 26 Mei 1933, siku mbili baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho. Katika kikao hicho cha mwisho aliwekewa kitanda, akawa analala kati ya wimbo na wimbo. Alikuwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa treni.

Desemba 2019 treni ya abiria ilirejea katika njia ya Korogwe baada ya ukimya wa miaka mingi, ikitoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Nilimwuliza mzee kama angependa tuteremke Korogwe siku moja tukaione. Alisema magoti yake hayampi ruhusa. Akaniomba nimpigie tena ule wimbo, na ulipofika mahali mlango wa behewa unapofungwa akanishika mkono akasema nisubiri, nisiuzime, kwanza apande pale juu.